Jiwe Tupu la Bi Nakade

Bi Nakade alizaliwa katika nyumba ya wafua dhahabu hapa Kanazawa, wanaoifua mpaka ipeperuke kwa pumzi. Ndiyo maana katika maabara yetu hakuna anayemshinda kubandua grafiti, lile jiwe jeusi la kutengenezea penseli. Anabandika selotepu juu ya jiwe, anaivuta taratibu, na tabaka jipya linabaki safi kabisa. Juu yake sisi hudondosha peptidi, vijipande vya protini, kisha tunavitazama kwa darubini vikijipanga vyenyewe kuwa nyuzi.

Sheria yake ni moja: kwanza piga picha ya jiwe tupu, maana grafiti nayo ina mistari yake inayofanana na nyuzi. Daktari Kitade, mgeni mwenye shahada nyingi kuliko subira, aliichoka sheria hiyo.

"Bi Nakade, mistari ya jiwe naijua. Wewe niandalie tu jiwe lenye peptidi, mimi nitalitazama."

"Haya, Daktari."

Jumatatu, kwenye kikao, Kitade akatuonyesha ukutani nyuzi zilizonyooka kama zimepigwa rula. Alitueleza nusu saa nzima jinsi peptidi zilivyotambaa, zikakutana, zikashikana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea wivu.

Bi Nakade akainua mkono. "Zilijipanga zenyewe, Daktari?"

"Zenyewe kabisa. Hakuna aliyezigusa."

"Hapo umesema kweli."

Akatoa mfukoni kichupa cha peptidi, lakiri yake haijavunjwa, akainama na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Wiki nzima zilikuwa kwenye friji."