Swichi Nyuma ya Kiti cha Mama Mkwe

Aibu hii nimeificha miaka, lakini kwa vile mke wangu ameanza kuwasimulia watu nusunusu, heri niitoe mwenyewe nzima. Mimi ndiye yule fundi wa kompyuta kutoka Kitale aliyeingia ofisi ya mama mkwe kinyumenyume.

Ilikuwa miaka ile flashi disk bado ni mali, nimeoa Bungoma juzi tu, na chuo kimoja cha huko kikanipa kazi ya kuangalia mtandao wao kwa sababu karani mkuu alinisemea vizuri. Karani huyo ndiye mama mkwe. Sasa mnajua sisi Wabukusu tulivyo: mama mkwe humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anapinda (na huyo mmoja ni wewe). Na swichi ya chuo, lile boksi linalounganisha waya za kompyuta zote, ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kiti chake.

Siku hiyo walinipigia simu kwamba mtandao umekufa, na kabla ya saa kumi mama lazima atume majina ya watahiniwa kwa barua pepe, la sivyo wanafunzi hawafanyi mtihani na yeye ndiye wa kujibu. Nilifika, nikakuta kompyuta moja ya maabara ina virusi na inairushia swichi takataka bila kupumua, hadi swichi imezidiwa. Nikaichomoa, mtandao ukarudi. Ningenyamaza hapo, nikanywa chai, nikaenda zangu.

Lakini nilitaka mama asikie kwamba mkwe wake si wa mchezo, kwa hivyo nikaamua kuiwekea swichi ulinzi: tundu lolote la waya likizidisha mzigo, lifungwe papo hapo. Kazi hiyo fundi mwenye akili huifanya amechomeka kebo kwenye swichi yenyewe, ila kebo ingenipeleka nyuma ya kile kiti, basi nikaifanya nikiwa maabara, kupitia mtandao, na kikomo nikakiweka chini kabisa. Mama akaanza kutuma orodha yake ndefu, swichi ikamwona ni adui, ikamfungia. Dakika moja baadaye ikafungia maabara nzima, pamoja na mimi niliyeilinda.

Mwalimu wa kompyuta, Barasa, akawa mjumbe, amesimama mlangoni, mimi koridoni nimetazama ukuta.

"Mama anauliza majina yamekwama wapi."

"Mwambie azime swichi, aiwashe tena."

Akazima, akawasha, hakuna kitu, kwa sababu mimi mtu makini nilikuwa nimehifadhi kila nilichoandika, swichi hata ikizimwa haisahau.

"Mama anasema imebaki robo saa," Barasa akasema. "Wafula bana, si uingie tu."

Nikaingia. Ili nisimwone uso nilitembea kinyumenyume, laptop kifuani, kebo shingoni, na wanafunzi waliokuja kuhakikisha majina yao wamejaa dirishani. Kisigino kikanaswa na waya, nikashika kitu cha kwanza nilichogusa, na hicho kitu kilikuwa kiti chake, na kiti chenyewe kina magurudumu. Tulijikuta sakafuni, mimi na mama mkwe, goti kwa goti.

"Ati huyo ndiye analinda mtandao?" mwanafunzi mmoja akauliza, na dirisha zima likacheka.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikainuka hadi magotini, nikachomeka kebo, nikaondoa kile kikomo, nikafungua matundu moja moja. Mama akasimama, akanyoosha gauni, akatuma. Majina yalienda zikiwa zimebaki dakika nne.

Kisha akaniambia neno la kwanza la moja kwa moja tangu nimuoe binti yake.

"Wafula."

"Naam, mama."

"Si ungetuma mtu aniambie nitoke nje kidogo?"

Mbuzi wa kuomba radhi nilimpeleka. Tangu hapo siwekei swichi ulinzi nikiwa mbali nayo, na kabla sijafungua laptop namwomba mwenye ofisi anipishe dakika tano. Mpaka leo hakuna aliyewahi kukataa.