Vinane Kabla ya Chai

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya marehemu mke wangu kabla ya kuugua lilikuwa kuficha kikopo kati ya mawe makubwa ya Musoma, mimi nikimsubiri chini na chupa ya maji. Ni mchezo: simu inakuelekeza, unatafuta kikopo alichoficha mwingine, unaandika jina kwenye kijidaftari kilichomo. Tangu mazishi sikuthubutu kupanda pale.

Juzi, mgahawani Bunda, jamaa mmoja alimwonyesha dada yake vidole vinane.

"Vinane kabla ya chai! Jioni tunamalizia Butiama."

"Na kile cha kwenye mawe, Musoma?"

"Niliandika jina, nikashuka."

"Wewe unakimbiaga kama umeiba kuku. Ziwa lote lilikuwa mgongoni kwako, kaka!"

"Kwani ziwa linaongeza idadi?"

Dada akaweka kikombe chini. "Mimi nilikaa mpaka nikasahau kuandika. Aliyekificha pale alijua anachofanya."

Nilitaka kumwambia ni nani. Nikalipia chai yao na yangu, nikatoka.

Kesho yake asubuhi nilipanda. Nilitazama ziwa mpaka jua likawa kali, kisha nikakitafuta saa nzima. Idadi yangu imefika kimoja, na sina haraka ya cha pili.