Sungura Aliyechelewa Kufika

Juzi, kwenye ukumbi mmoja wa Nakasero, mtoto alimkatiza msimulizi kabla ya mchezo kuanza, akamalizia hadithi mwenyewe. Watu walicheka. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa akisimulia mbele ya pazia kabla ya mchezo, leo hadithi ya Waacholi, kesho ya Waganda au Wanubi. Hadithi ikiisha tu, shangazi aliyekaa mlangoni alivuta kamba, pazia likafunguka.

Alasiri moja ukumbi ulinuka jasho na karanga za kukaanga. Mstari wa mbele walikaa wanaume watatu wenye miwani myeusi. Baba alisimulia ile ya sungura na fisi, niliyoijua yote, lakini sungura wake hakufika shimoni. Alivuka mto, akarudi, akauvuka tena. Shati la baba lililowa kifuani. Nyuma ya pazia dirisha lilikwaruza, nikadhani waigizaji wamechoka kungoja. Leo najua wale watatu walikuwa askari kanzu, na baba alikuwa akiwapa waigizaji nafasi ya kutoroka. Siku ile niliona aibu, kwamba baba amesahau mwisho mbele za watu.

Nikasimama kumsaidia. "Baba, sungura alishatokea nyuma. Fisi akabaki na shimo tupu. Imeisha."

Shangazi, asiyejua lolote, akavuta kamba.

Jukwaani alibaki mwigizaji mmoja, mguu mmoja dirishani. Wale watatu waliinuka.

Baba aliniangalia bila hasira. "Umesimulia vizuri, mwanangu."

Wakawachukua wote wawili, yeye na mwigizaji. Mimi nilikuwa bado natabasamu, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa kusifu.