Jogoo wa kipa wetu

Acha niungame, maana aibu hii imenikaba. Jumapili timu yetu ya Matiri, wengine wakicheza peku, ilifungwa goli moja dakika ya mwisho na timu ya kampuni mpya inayonunua kahawa. Watu wazima tulilia.

Jioni nikambeba jogoo, nikaenda kumpa pole kipa wetu, Kosmas. Nikakuta wanaume wamejaa uani, kimya, wameinamisha vichwa. Nikajua ni lile goli tu. Nikamwinua jogoo juu.

"Jamani, changamkeni! Kwani kuna aliyekufa?"

Kosmas akatoka ndani, bado kavaa jezi, akampokea jogoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mjomba. Asante kwa kuja. Mama alitutoka nikiwa golini."