Nani Kakagua Shokapu?

Mume wangu ana wivu, na nasema hivi yeye mwenyewe akiwa hapo nje anasikia. Si wivu wa kunichunga mimi. Miaka kumi na tisa napima viuno vya watu barazani, wanaume kwa wanawake, na hajawahi kuinua kichwa. Wivu wake ni wa baba yake.

Ni fundi pikipiki. Wateja humwita Taratibu, kwa sababu ukimwambia una haraka anakuelekeza kwa fundi mwingine. Gereji yake ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yetu, na cherehani yangu iko barazani, hatua sita kutoka pale, kwa hiyo spana zake nazijua kwa sauti. Kazi ikimwendea vizuri anapiga mluzi. Akinyamaza, kuna jambo.

Baba yake alikuwa karani wa stoo, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Kitu hakikutoka kwenye stoo ile mpaka aulize, "Nani kakagua?" na mtu ajitokeze aseme, "Mimi." Mzee alistaafu zamani, swali halikustaafu. Nikimpelekea chai, nani kakagua sukari? Maji ya kuoga, nani kakagua moto wake? Ukijibu "Mimi, baba," anakunywa, anaoga. Usipojibu, chai itapoa hapo hapo mbele yake.

Hakupenda mwanawe awe fundi. Alisema tu kwamba mikono ya mtu ndiyo barua yake, akaitazama ya mume wangu. Na kila mume wangu alipotaka kumpakia kwenye pikipiki yake ndogo, jibu lilikuwa moja: "Mimi sipandi kitu kisicho na mlango."

Miaka mitatu iliyopita mzee aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wakamuunga kwa chuma, tukamleta kwetu, chumba cha mbele chenye dirisha. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua gereji, mume wangu anapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya baba yake na mwingine mgongoni, anamwinua, anampeleka kuoga, anamrudisha, anamweka kitini. Mzee humshika shingo. Hawasemezani. Siku moja nilimuuliza kama hachoki, akaniambia, "Siku hizi mwepesi. Mwaka jana alikuwa mzito zaidi." Mimi nilikuwa nimeshazipunguza suruali za mzee kiunoni mara mbili, kwa hiyo nilimwelewa.

Ndivyo tulivyokuwa mpaka alipokuja Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake wa mwisho, kitindamimba, na jina limemganda mpaka leo ana mvi mbili. Anafanya kazi mbali, ya kupima viwanja, na kwa miaka hiyo mitatu alikuwa mtu wa kupiga simu Jumapili. Alipopata likizo ya wiki mbili, akaja juu ya pikipiki ambayo mtaa mzima ulitoka kuitazama. Kruza: tangi nene, usukani mpana, mtu anakaa miguu mbele kana kwamba yuko kwenye kochi lake, na nyuma yake kiti cha pili chenye kiegemeo. Mlio wake ulitikisa sindano zangu kwenye kopo. Mzee akageuza kichwa dirishani.

"Nani huyo?"

"Mwanao wa mwisho, baba."

"Nitoeni nje."

Tukamtoa. Akaitazama pikipiki ile kutoka tairi hadi tairi kama mzigo ulioingia stoo, kisha akasema, "Nataka kupanda."

Mume wangu alikuwa ameshika kabureta ya mteja. Akaiweka chini. "Haina mlango, baba."

"Ina pa kuegemea," mzee akasema.

Watu huchanganya wivu na kijicho. Kijicho ni kutamani cha mwenzio, na mume wangu hakuitamani pikipiki ile hata kidogo. Alisema ni kitanda kilichotiwa injini. Wivu ni wa kile unachoamini ni chako. Jioni ile mezani Kitinda alisimulia vituko vya kazini kwake, mzee akacheka mpaka akashika ubavu, na mume wangu akatafuna akitazama ukuta. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji wangu mimi ndiyo kwanza aliugua.

Kesho yake Kitinda akampakia baba yake wakazunguka mtaa. Walirudi mzee uso umempauka na mkono uko nyongani. Shokapu za nyuma za pikipiki ile zilikuwa zimekufa. Kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Lakini Kitinda alipomuuliza, mzee akasema, "Safi sana." Kuguna aliguna baadaye, mume wangu alipomwinua kumwingiza ndani.

Hapo Kitinda akatoa neno lililomchoma kaka yake. Mzee ana dada yake, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na tangu avunjike hawajaonana. Mume wangu alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa gari la kukodi, mwezi ujao, na mwezi ujao ulikuwa ukisogea mbele kila ukikaribia. Kitinda akasema, "Jumamosi nakupeleka mimi, baba." Mzee akaniambia palepale nimpigie pasi shati jeupe. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi Kitinda akarudi na gunia. Ndani mlikuwa na shokapu mbili za mtumba, si za kampuni iliyounda pikipiki ile, ila zilizotengenezwa na watu wengine kwa pikipiki za aina hiyo. "Kaka, nifungie hizi. Nataka mzee asiumie."

Nitamsema mume wangu kwa mengine, kwa kazi siwezi. Aliniomba kitambaa cheupe, akafuta fimbo za shokapu juu hadi chini, akakitazama juani kama kina mafuta. Kilikuwa safi. Akazipima kutoka jicho la juu hadi jicho la chini: ndefu kuliko za zamani kwa upana wa kidole, akasema si neno, hazitagusa madigadi. Matundu yake yalikuwa mapana kuliko bolti, akakata bomba akatengeneza bushi nne, akazipiga tupa mpaka zikaingia bila kucheza. Akatia jeki chini ya pikipiki, akafungua upande mmoja na kufunga upande huo kwanza kabla ya kugusa wa pili, ili gurudumu lisianguke. Yote haya bila mluzi.

Ikabaki pete. Shokapu hizo zina pete chini ya springi, yenye ngazi tano, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Ukiipandisha, springi inabanwa na nyuma ya pikipiki inakuwa ngumu. Inafaa watu wazito. Mwepesi akikalia ngazi ya wazito, kila tuta linamrusha kama punje kwenye ungo. Haya nimeyajua kwa kukaa hatua sita kutoka kwa mtu anayeyarudia kila siku kwa wateja.

"Wewe kilo ngapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Sabini na nane."

"Na baba?"

"Baba si themanini?" Kitinda akajibu bila kufikiri.

Hakudanganya. Mara ya mwisho kukaa naye, mzee alikuwa themanini. Mimi nilisimamisha cherehani nikimsubiri mume wangu acheke, amwambie. Hakucheka. Akachukua spana ya ndoano, akapandisha pete ngazi ya nne, upande huu na upande ule, akarudisha spana kwenye msumari wake.

Nilingoja Kitinda aende dukani, nikamfuata gerejini na utepe shingoni.

"Baba watoto, themanini?"

"Mwenye pikipiki kasema."

"Na mwenye mikono anasemaje?"

Akafuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. "Arushwe kidogo," akasema. "Mara moja tu, ajue."

"Ajue nini?"

"Miaka mitatu namwinua, mke wangu. Hajaniambia safi hata siku moja. Huyu kampakia nusu saa."

"Nyonga ile ina chuma."

"Najua ina chuma. Wewe ndiye wa kuniambia?"

Ningeweza kwenda kwa Kitinda nikamwambia mwenyewe. Ijumaa nzima alikuwa hapo barazani ananitania, shemeji hiki, shemeji kile. Sikumwambia, na nikisema nilimwachia mume wangu aamue nitakuwa najipamba. Ukweli ni kwamba shuka za mzee nazifua mimi, miaka mitatu, na kitindamimba kaja kuvuna kicheko kwa siku nne. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Sehemu yangu moja ilitaka na yeye ausikie uzito wake.

Jumamosi mzee aliamka wa kwanza. Shati jeupe, kalamu mbili, suruali niliyoipunguza. Kitinda akaileta pikipiki mbele ya baraza, akakaa, akaishikilia kwa miguu yote miwili. Mume wangu akamwinua baba yake kama kila asubuhi, mkono chini ya magoti, mkono mgongoni, mzee akamshika shingo. Mimi nilitazama kidole changu, nikaona nimekizungushia uzi mpaka kimekuwa cheupe.

Walipofika ubavuni mwa kiti, mzee akainua mkono mmoja.

"Ngoja. Nani kakagua?"

"Kaka kafunga mwenyewe, baba," Kitinda akasema.

"Sikuuliza nani kafunga. Nani kakagua?"

Kitinda akamtazama kaka yake. Mzee naye akageuza uso, na kwa vile alikuwa mikononi, nyuso zao zilikuwa karibu kabisa.

"Kama ni huyu," mzee akasema, "sina swali la pili."

Jibu lilikuwa neno moja, na mdomo wa mume wangu ulikataa. Kisha akageuka, akarudi naye mpaka barazani, akamweka kitini karibu na cherehani yangu.

"Bado, baba. Sijamaliza kukagua."

Akaenda kibandani akarudi na spana ya ndoano. Akapiga goti, akateremsha pete ngazi mbili upande wa kushoto, akazunguka, akateremsha mbili upande wa kulia.

"Kaka, si ulishamaliza?"

"Ulisema themanini."

"Ndiyo."

"Ni hamsini na nne."

Kitinda akacheka kidogo, akidhani ni utani, halafu akamtazama mzee pale kitini, vifundo vya mikono, shingo ndani ya kola. Kicheko kikaisha. "Umempima lini?"

"Leo asubuhi," mume wangu akasema.

Kitinda hakuuliza mzani uko wapi. Aliinamisha kichwa akawa anasugua tangi kwa kidole gumba, mahali ambapo hapakuwa na doa.

Mume wangu akamwinua baba yake tena.

"Sasa nani kakagua?" mzee akauliza.

"Mimi, baba."

"Haya. Nipandishe."

Akampandisha, akamkalisha vizuri kwenye kiegemeo, akamwekea miguu mahali pake, akamvuta shati lisikunjike. Kitinda akaondoka polepole kuliko alivyowahi kuondoka. Mwisho wa mtaa wetu kuna tuta, limevunja mayai na chupa za kila aina. Mume wangu alitoka mpaka katikati ya barabara akachuchumaa ili aone vizuri. Gurudumu la nyuma likapanda, likashuka. Mabega ya mzee hayakutikisika. Wakakata kona, mlio ukafifia.

"Imekaa," akasema. Alibaki amechuchumaa. "Hakugeuka hata kunitazama."

"Angegeukaje, bwana? Kamshika mwenzio kiuno."

Hilo nalo likamuuma, nikaliona likimuuma. Kazi imekwisha, mzee salama, na bado mtu ana wivu na kiuno cha mdogo wake. Akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akanipita barazani. Alipofika mlangoni pa kibanda akasimama.

"Mimi hunishika shingo," akasema.

Akaingia ndani. Nikasikia akitafuta spana ya kabureta, na baada ya kuipata, mluzi.