Bangili Iliyolia Msibani

Mimi ni fundi simu wa Makambako, na subira sina. Mteja akiniuliza mara mbili kama simu yake itapona, namwambia aipeleke kwa mchungaji ikaombewe. Lakini ile bangili niliihangaikia kwa utulivu ambao hata mama hakuwahi kuuona kwangu.

Nilimtengenezea mdogo wangu wa kike, mshonaji wa Njombe, ambaye alikuwa akijichoma sindano za insulini tangu yuko shule ya msingi. Kilichotutisha zaidi ni sukari kushuka. Ikishuka anatetemeka, jasho linamtoka, anaanza kusema ovyo, na asipopata kitu kitamu upesi anazimika. Na alikuwa akiishi peke yake na cherehani yake. Nani angemwamsha?

Bangili ya kwanza ilihisi mtetemo wa mkono tu. Mezani kwangu ilifanya kazi vizuri. Njombe ikaniaibisha: asubuhi za ukungu kule kila mtu anatetemeka, ikawa inalia mpaka mdogo wangu akanipigia. "Kaka, dude lako linaogopa baridi kuliko mimi." Nilinuna, bwana! Kisha nikaongeza kipande cha kuhisi jasho, maana anayetetemeka kwa baridi hatoki jasho. Spika niliitoa kwenye simu mbovu, na nikahakikisha ikianza kulia hainyamazi mpaka kitufe kibonyezwe. Ikamwokoa mara kadhaa. Akawa anawatambia wateja wake, nami nikavimba kichwa.

Kisha tukafiwa na mke wa baba mdogo, kule Wanging'ombe. Mdogo wangu alijichoma sindano asubuhi, ile ambayo usipokula baada yake sukari inashuka, akijua tutazika mapema tule. Lakini mtoto wa marehemu alikuwa bado njiani kutoka Mlangali, barabara imeharibiwa na mvua, na kwetu wafiwa hawashiki chakula kabla ya kutoka makaburini. Insulini haijui msiba.

Mimi nilikuwa na wanaume wenzangu, tunachimba kaburi mbali na nyumba. Yaliyotokea ndani alinisimulia shangazi.

Mzee wa kanisa alitangaza simu zote zizimwe, akaanza sala. Bangili ikalia, kwa mlio wa simu kabisa. Wanawake wakageuka kumtazama. Mdogo wangu akamnong'oneza shangazi ampe soda, na shangazi akashtuka. "Mwenye sukari anywe soda? Unataka tuzike wawili?" Akamvua bangili, akashindwa kuizima, akaisokomeza chini ya rundo la mablanketi chumbani. Mdogo wangu akazidi kutoka jasho, akayumba, akaongea maneno yasiyoeleweka. Wakasema uchungu umemzidi. Wakamlaza, wakamfunika kitenge, wakamwacha apumzike.

Makaburini sikumwona, nikadhani yuko nyuma na wanawake. Tuliporudi tukanawa mikono, chakula kikapakuliwa, ndipo nikauliza yuko wapi. Nilimkuta haamki. Nikampaka sukari ulimini kwa kidole, ikabaki pale pale, nyeupe. Chini ya mablanketi bangili ilikuwa bado inalia, sauti imekauka kwa betri kuisha. Tukamkimbiza hospitali Njombe, hatukufika naye akiwa hai.

Tulimzika nyumbani kwetu. Shangazi alinishika mkono hakuuachia. "Nilimnyima kwa kumpenda, mwanangu." Najua. Ndiyo maana hata kumchukia siwezi, na hilo linaniuma vibaya sana.

Basi mzee wa kanisa, yule yule, akasimama mbele ya jeneza na kutuomba tuzime simu zetu. Nikainuka. "Asizime mtu!" nilipiga kelele. "Kitu kikilia hapa, tazameni kwanza nani anaumwa!"

Watu wakanitazama kwa huruma. Wakasema uchungu umenizidi, wakanishika mabega, wakanikalisha, wakanifunika blanketi.