Tumbawe la Mjomba Athmani

Sisi tuliokulia Mji wa Kale miaka ile ya tisini tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, vichochoroni mpaka adhana ya magharibi. Tulikula mbaazi kwa mahamri tukiwa bado tunahema, na magoti yetu yalikuwa na makovu ambayo wanangu hawayajui, maana wao kinachochoka ni kidole gumba. Mvua ikinyesha tulicheza ndani, ila mama alikataza mpira ukumbini. Ukumbini alilala Mjomba Athmani.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mzamiaji. Alivua samaki wa mapambo kwa tajiri mmoja aliyewapeleka Ulaya. Siku moja alipanda juu haraka mno kutoka kina kirefu, na toka hapo miguu yake haikumsikia tena. Tajiri alimletea pole na pampu ndogo ya hewa, basi. Wazamiaji wenzake ndio waliomtengenezea tangi la vioo kando ya kitanda, wakalijaza maji ya bahari, samaki wawili na tumbawe la kahawia lenye matawi. Chumba kikanuka chumvi, udi na dawa ya vidonda.

Nilikuwa na miaka kumi nilipourusha ule mpira. Kioo cha kufunikia tangi kilitumbukia, tawi moja la tumbawe likakatika na jingine likachubuka mpaka kwenye mfupa wake mweupe. Mama alikuja na mwiko mkononi. Mjomba akamsihi aniache, kisha akaniita karibu.

"Zuhura, mimi siwezi kusimama," akasema. "Wewe uliyelivunja ndiye utakayeliuguza."

Siku ya tatu nyama ya tumbawe ilianza kubanduka kama karatasi iliyolowa. Mjomba aliniagiza nilitie kwenye beseni la maji ya bahari, nichukue koleo yake, nikate. Kwa woga nilishika kwenye ncha iliyokwisha kufa.

"Kata palipo hai," akaniambia. "Ukikata palipokufa pekee, uozo utazidi kupanda."

Nilikata, utelezi ukinishika vidoleni. Tawi lililovunjika nalo nikalifunga juu ya jiwe kwa uzi wa mshipi. Tukafunika nusu ya taa kwa kanga kuukuu ili mwanga usilichome. Kila maji yalipojaa, mimi na mama tulikwenda pwani na mitungi tukaleta maji safi, na ukungu wa kijani uliokuwa ukiota kwenye kovu niliusugua taratibu kwa mswaki.

Baada ya majuma mengi niliona utando mwembamba, kama malai juu ya maziwa, ukitambaa kufunika ule weupe. Nilimwita mjomba. Akaomba nimgeuze ubavu aone. Nilipomgeuza, shuka ikateleza, nami nikaona kwa mara ya kwanza kidonda cha mgongoni, kirefu kuliko kiganja changu. Nikamuuliza chake kitafunga lini.



"Hiki hakifungi, mwanangu," akasema. "Usimwambie mama yako kwamba najua."

Sikumwambia. Jioni hiyo mama alimwosha kidonda akimhadithia kwamba kinaendelea vizuri, naye akaitikia alhamdulillahi. Mimi nilikaa mlangoni nikiwasikiliza wote wawili. Tumbawe lilifunga kovu lake lote. Mjomba hakumaliza mwezi.

Arubaini ilipopita, mtu wa tajiri alibisha hodi. Alitaka pampu, akisema ni mali ya kazi. Mama aliichomoa mwenyewe, akaipangusa maji, akampa. Kesho yake samaki walikuwa wakielea na maji yamechacha. Nilibeba tumbawe kwenye beseni mpaka baharini, nikaingia maji ya kiunoni na nguo zangu, nikalibana katikati ya mawe. Sijui kama liliishi.

Siku hizi watu wa rika langu tukikutana tunawalalamikia watoto wetu kwamba hupiga picha kila kitu: chai, paka, viatu. Nami hulalamika kama wenzangu. Kisha nikifika nyumbani nikawakuta wanapigana picha na babu yao huku wakicheka, huwaacha nikapita zangu jikoni. Enzi zetu picha zilikuwa adimu. Ya mjomba ninayo moja, ya kitambulisho, ameambiwa asicheke.